Grupe ya nyumbani Lubumbashi: ya ukubwa gani, na italala wapi?

Umeme wa SNEL ukikatika saa za mangaribi ku Katuba ao ku Kenya, haipiti dakika tano mbele ya kusikia ma-grupe yanaanza kulia, lupango kwa lupango. Wengi wa wenye kuyanunua walienda ku magazini na swali moja tu: bei gani? Swali hilo liko na maana yake, lakini ni la tatu. La kwanza ni kujua kitu gani ndani ya nyumba yako kinavuta umeme mwingi wakati wa kuanza. La pili, na hilo ndilo linaloua watu, ni kujua grupe itafanyia kazi wapi na italala wapi. Huku kwetu mwizi anataka uiingize ndani, na moshi unataka uitoe inje.

Habari hii ni ya mtu anayetaka kununua jenereta ndogo ya nyumba ao ya biashara ndogo. Wenye hoteli na migodi wako na mainjinia wao.

Juu ya nini delestaji haitaisha kesho

Umeme wa Lubumbashi unatoka mbali. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930 wakati wa Union Minière. Koni, kwenye mto uleule, ilifuata mwaka 1950. Nzilo na Nseke ziko kwenye Lualaba, upande wa Kolwezi, nazo zilijengwa miaka ya 1950. Mitambo hii ilijengwa kwanza juu ya shaba, si juu ya frigo yako. Tangu 1982 kuna pia laini ya Inga, yenye urefu wa karibu kilometre 1,700, ambayo inafika mpaka Kolwezi, na umeme mwingine unanunuliwa ku Zambia. Lakini Zambia yenyewe ilikaa gizani mwaka 2024, wakati ukame uliposhusha maji ya Kariba.

Mji umepanuka, migodi imeongezeka, na transfo ya mtaa inabeba nyumba nyingi kuliko zile ilizowekewa. Kwa hiyo usichague grupe kama mtu anayevuka mwezi moja mbaya. Chagua kama mtu atakayeitumia miaka.

Hesabu ya nyumba yako

Chukua karatasi, tembea ndani ya nyumba, andika kila kitu unachotaka kiwake wakati wa giza. Wati zinaandikwa nyuma ya kila chombo. Ampuli ya LED ni wati 10 hivi. Tele ya kisasa ni 80, pamoja na dekoderi tufanye 100. Simu za watu wote wa nyumba na modemu hazipiti 40. Mpaka hapo kila kitu ni kidogo, unaweza hata kushangaa.

Matata inaanza na vitu viwili: vyenye kutoa joto na vyenye motere.

Vyenye joto ni pasi, birika ya umeme, resho. Moja tu inakula wati 1,000 mpaka 2,000, kwa muda wote iko inafanya kazi. Shauri letu ni wazi: hivi visiingie kwenye hesabu ya grupe. Makala iko, mbabula iko, na pasi inaweza kungojea SNEL irudi. Kununua grupe kubwa juu ya pasi ni kulipa esanse kila siku kwa kazi ya dakika ishirini.

Vyenye motere ndivyo vinavyodanganya watu. Kongelateri inaandikwa wati 200, mtu anasema: grupe yangu ya 650 itaibeba mara tatu. Anaichomeka, grupe inaguna, ampuli zinafifia, kisha kimya. Sababu motere ya kongelateri, kwa nusu ya sekunde ya kuanza, inaomba mara tano ao sita ya ile inayokula ikiwa inatembea. Ni kama kusukuma gari lililosimama: kulianzisha ndiyo kazi, likitembea unalisindikiza tu. Kongelateri ya wati 200 inaweza kuomba 1,000 mpaka 1,200 kwa wakati huo mfupi. Pompe ya foraji ya farasi moja, yenye kula karibu wati 1,100 ikiwa inatembea, inaweza kuomba 3,000.

Tufanye mfano. Nyumba iko na ampuli sita (60), tele na dekoderi (100), simu na modemu (40), na kongelateri moja (200). Vyote vikitembea ni wati 400. Wakati kongelateri inaanza, vingine vina 200 na yenyewe inaomba mpaka 1,200, jumla 1,400. Nyumba hiyo inahitaji grupe inayotoa wati 1,400 za kweli. Ukiongeza pompe ya foraji, ile 400 inakutana na 3,000, unafika 3,400. Na kama kongelateri na pompe zinaanza pamoja, unapita 4,000. Ndiyo maana mtu mwenye akili anazima kongelateri kwanza, anajaza tanki ya maji, kisha anaiwasha tena. Tabia hiyo inakuachia kununua grupe ndogo zaidi.

Sasa kuna kitu ambacho wauzaji hawasemi. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Motere ndogo isiyokuwa na turbo inapoteza karibu asilimia 3 na nusu ya nguvu kwa kila metre 300. Kwetu inafika asilimia 14. Grupe ya wati 2,000 iliyopimwa huko ilikotengenezwa inakupa hapa karibu 1,700. Wenzetu wa Goma na Bukavu, wenye kukaa karibu metre 1,500, watoe asilimia 17. Wa Kalemie na Uvira, huko chini pembeni ya ziwa Tanganyika, watoe 9 hivi.

Kwa hiyo nyumba yetu ya mfano, bila pompe, inatosheka na grupe ya wati 2,000. Yenye pompe inataka 4,000 mpaka 5,000.

Namba za kwenye karatoni

Jina la grupe si nguvu yake. Ile ndogo ya mbili-taimu inayoitwa 950, ambayo kila mtu anaijua kwa kelele yake, mara nyingi inatoa wati 650 tu. Hapa Lubumbashi toa asilimia 14, inabaki 560. Inawasha ampuli, tele na mashine ya kunyoa ya saluni, basi. Kule Nigeria walizipa jina la kuchekesha lenye maana ya "mimi ni afazali kuliko jirani", na kweli, inapita giza. Lakini haitaanzisha kongelateri, hata uiombee.

Tazama plaki ya chuma iliyogongomewa kwenye grupe yenyewe, usisome karatoni. Utakuta namba mbili: nguvu ya juu kabisa, ambayo inaweza kushikilia kwa muda mfupi tu, na nguvu ya kawaida, ambayo inaweza kubeba masaa mengi. Hesabu yako uifanye na ile ya pili. Na kama imeandikwa kVA, ujue si sawa na kilowati: mara nyingi unazidisha kwa 0.8, kVA 5 inakuwa kilowati 4.

Kitu kingine kinachouma kidogo, sisi watu wa mji wa shaba: ma-grupe mengi ya bei ya chini yamefungwa ndani nyuzi za aluminium, si za shaba. Aluminium si sumu, grupe inatembea, lakini inapata joto haraka na inaungua mapema ukiilazimisha. Ukiona grupe mbili zenye nguvu moja na bei tofauti sana, zinyanyue. Ile nyepesi zaidi ina sababu ya kuwa nyepesi.

Esanse, mazutu, ao jua

Grupe ya wati 2,000 ikibeba nusu ya nguvu yake inakunywa karibu litre moja ya esanse kwa saa. Ya 5,000 inakunywa litre moja na nusu mpaka mbili, hata kama inawasha ampuli tu, sababu motere yake lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ukiwa na mzigo ao hauna. Masaa matano kila usiku, siku 30: ya kwanza inakula litre 150, ya pili inaweza kufika 300. Weka bei ya esanse ya leo, fanya hesabu mwenyewe mbele ya kutoa makuta.

Mama anayeuza samaki wa barafu asifikiri lazima grupe ilie usiku kucha. Kongelateri iliyojaa, ikikaa imefungwa bila kufunguliwafunguliwa, inashika baridi karibu masaa 48. Ikijaa nusu, 24. Frigo ya kawaida ndiyo yenye haraka, masaa manne tu. Kwa kongelateri, masaa matatu ao manne ya grupe kwa siku yanatosha mara nyingi. Jaza nafasi tupu na chupa za maji zigande, zitasaidia kushika baridi.

Ile ya mbili-taimu inataka mafuta ya motere yachanganywe ndani ya esanse, mara nyingi moja kwa hamsini, yaani mililitre 20 kwa litre. Fuata kitabu chake. Ukisahau mafuta, motere inakwama siku ileile. Ya ine-taimu iko na mafuta yake chini, esanse inaingia safi. Kwa nyumba, tunapendelea ya ine-taimu: kelele kidogo, moshi kidogo, inaishi zaidi.

Mazutu inafaa kwa lupango lenye familia nyingi zinazochanga, kwa butiki yenye kongelateri kadhaa, kwa mashine ya kusaga mahindi. Motere yake inadumu, na zile zinazozunguka mara 1,500 kwa dakika zinadumu kupita zile za 3,000. Lakini mazutu haipendi kazi nyepesi. Ikikaa chini ya asilimia 30 ya nguvu yake miezi na miezi, mazutu haiungui vizuri, eshapma inajaa uchafu mweusi. Usinunue grupe ya mazutu ya kVA 10 kwa kuwasha tele.

Kuna pia zile zinazoitwa inverter, zenye kufunikwa kama sanduku. Kelele yake ni ndogo, motere inapunguza mwendo mzigo ukipungua, na umeme wake ni safi kwa kompyuta. Bei yake ni ya juu, na mbele ya kununua uliza wazi nani hapa mjini anatengeneza kadi yake ya ndani ikikufa.

Na kama hesabu yako ya karatasi imebaki ampuli, simu na tele, tuseme bila kuzunguka: usinunue grupe. Plaki ya jua, batri na onduleri ndogo vitafanya kazi hiyo bila esanse na bila moshi. Mvua za Novemba mpaka Aprili zitapunguza jua, lakini hazilimalizi.

Moshi na mwizi

Kila mtu wa Lubumbashi anajua hatari ya kuingiza mbabula ndani ya chumba wakati wa baridi ya Juni na Julai. Watu wanalala na joto, asubuhi hawaamuki. Gazi inayowaua, monoksidi ya kaboni, ndiyo ileile inayotoka kwenye eshapma ya grupe, na grupe inaitoa nyingi kuliko mbabula. Gazi hiyo haina rangi wala harufu. Harufu unayosikia ni ya esanse. Hata ikipotea, gazi inaweza kubaki. Shirika la serikali ya Marekani linalochunga usalama wa vyombo vya nyumbani linasema jenereta moja ndogo inaweza kutoa gazi hii sawa na mamia ya magari, na kwamba kule kwao watu karibu 100 wanakufa hivyo kila mwaka.

Alama zake zinafanana na malaria inayoanza: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kuwa mizito. Tofauti ni kwamba inashika watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, hata kuku na imbwa. Ukiona hivyo grupe ikiwa inalia, usikae kutafuta dawa. Toa watu wote inje kwenye hewa, zima grupe, peleka hospitali hata yule anayesema amesikia nafuu, na mwambie daktari wazi kwamba kulikuwa na grupe. Asipojua, ataanza na kipimo cha malaria.

Kanuni ni moja: grupe inafanya kazi inje, si chini ya metre sita kutoka nyumba, eshapma ikitazama mbali na milango na madirisha, yako na ya jirani. Baraza si inje. Garaji yenye mlango wazi si inje. Jikoni yenye dirisha kubwa si inje. Kuna watu wanaounga bomba kwenye eshapma ili moshi utoke kwa ukuta; bomba linatoboka, viungo vinalegea, na gazi inarudi ndani.

Sasa mwizi. Tunajua juu ya nini watu wanaiwasha ndani: ile ya jirani iliibwa ikiwa bado moto. Jibu ni kuhesabu kibanda ndani ya bei ya grupe tangu siku ya kwanza. Sudere wa mtaa anatengeneza kizimba cha vyuma, unakishikilia kwenye sima chini, bati juu kwa mvua, pande zote wazi ili hewa ipite, mnyororo ndani, kufuli mbili. Kama makuta hayatoshi kwa grupe na kizimba pamoja, basi chukua grupe ndogo zaidi na kizimba. Usichukue kubwa bila kizimba.

Na kama huna njia ila kuiingiza usiku, iingie ikiwa imezimwa, imepoa nusu saa angalau, robine ya esanse imefungwa, na isilale kwenye chumba cha watu, wala karibu na mbabula ao mshumaa. Asubuhi itoke inje mbele ya kuwashwa. Hakuna mtu anayelala grupe ikiwa inalia. Atakayelala wa mwisho ndiye anazima.

Malupango mengine ya Kamalondo na Kenya ni madogo mno, metre sita ukizipima unafika kwenye kitanda cha jirani. Hapo hatuna ufundi wa kukupa. Lupango hilo si la grupe, tazama upande wa jua.

Kuiunga na nyumba

Kuna kable inayouzwa ao kutengenezwa hapa mjini yenye dume pande zote mbili: upande moja unaingia kwenye grupe, mwingine kwenye prizi ya ukuta, nyumba yote inawaka. Wengi wanazima kwanza dijonkteri ya SNEL, wanasema inatosha. Inatosha mpaka siku mtoto ao mgeni anaisahau. Siku hiyo umeme wa grupe yako unatoka kwenye laini, unafika kwenye transfo, na transfo inaugeuza kuwa maelfu ya volti. Agenti wa SNEL aliyepanda kutengeneza, akijua laini imekufa, anakutana nayo. Na kama SNEL inarudisha umeme wakati huo, ni grupe inaungua.

Kitu kinachotakiwa ni inverseri: swichi yenye pande tatu, SNEL, sifuri, grupe. Haiwezi kushika pande mbili pamoja. Elektrisye anaiweka kwa nusu siku, pamoja na chuma cha terre kilichopigwa chini. Kama huna makuta ya inverseri bado, vuta kable nzito kutoka grupe mpaka kwenye kongelateri na tele moja kwa moja, bila kugusa prizi za ukuta.

Tena, SNEL ikirudi usirudishe frigo palepale. Ngojea dakika tano ao kumi, sababu umeme unarudi mara nyingi ukiwa juu sana ao chini sana.

Siku ya kununua

Nenda na resho ya wati 1,000 ao kitu kingine kizito. Mwambie muuzaji aiwashe grupe ikiwa baridi. Ikiwa umeikuta tayari na moto, uliza juu ya nini. Iunge na mzigo, iache robo saa. Volti zikae karibu na 220 mpaka 230. Zikianguka chini ya 200, iache hapo. Moshi wa bluu unaosema hautaki kuisha ni mafuta yanaungua ndani, na kwa grupe ya okazyo hiyo ni motere imechoka. Uliza bei ya bougie, ya karbirateri, ya AVR ambayo inashikilia volti, na uone kama viko mjini kweli. Dai fakture yenye namba ya grupe; ikiibwa, ndiyo karatasi utakayopeleka polisi.

Esanse ya ma-Kadhafi pembeni ya barabara wakati mwingine imechanganywa na petroli ya taa ao maji. Mimina kwanza ndani ya chupa nyeupe, iache dakika kumi: maji yanashuka chini, unayaona. Usijaze tanki grupe ikiwa inalia ao ingali moto, na usitafute mwangaza wa mshumaa kwa kazi hiyo.

Mafuta ya motere ya kwanza yanabadilishwa baada ya masaa 20 tu, sababu yamebeba unga wa chuma cha motere mpya. Kisha kila masaa 100. Kwa nyumba inayowasha masaa matano kila usiku, masaa 100 ni siku ishirini. Funga kahiye ndogo kwa kamba ndani ya kizimba, na yule anayezima usiku aandike masaa.